Nimekuta kopo la dawa kwenye begi la mdogo wangu, na Ijumaa ami anakuja kumfukuza

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Kisauni. Jina langu nalificha, maana mtaa wetu watu wanajuana mpaka rangi ya mapazia. Jioni nauza viazi karai na bajia nje ya nyumba yetu. Niliolewa nikaachika, nina mtoto mmoja wa miaka mitatu, na nyumbani tuko na mama pamoja na mdogo wangu wa mwisho. Huyo mdogo wangu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alizaliwa mwanamume, Shangazi. Lakini tangu udogoni alikuwa akijifunga leso zangu na kushinda na sisi jikoni, tukadhani ni utoto utapita. Sasa ana miaka 23 na anaishi kama mwanamke. Jina analojiita nalibadilisha hapa, nimwite Rehema. Mwanangu humwita anti. Mama bado humwita kwa jina alilopewa na marehemu baba, naye huitika tu, hana ugomvi.

Kazi yake ni kupamba maharusi: hina, piko, nyusi, na kuwafunga vilemba kina mama. Mkono wake mwepesi, na kuna msimu alikuwa akiitwa mpaka Mji wa Kale na Likoni. Siku hizi wateja wamepungua. Kuna nyumba ilimkataa siku moja kabla ya kesha, eti jamaa za bwana harusi hawataki mtu wa namna ile amshike bi harusi mikono. Tangu hapo anatoka usiku. Husema anakwenda kwa rafiki zake Mtwapa. Hurudi alfajiri, na mara nyingine huja na unga, sukari na mafuta ya kupikia, na mama hupokea bila ya kuuliza.

Jumapili nilikuwa natafuta chaja ya simu ndani ya begi lake. Nikakuta kopo jeupe la vidonge. Mama akaliona mkononi mwangu kabla sijalirudisha, akamwita jirani yetu ambaye anafagia kwenye zahanati moja. Jirani hata hakusoma. Alilitazama tu akasema, "Hizi ndizo zile dawa. Za Ukimwi." Kufika magharibi, baraza zima lilikuwa linajua.

Nilipiga picha kibandiko kabla mama hajalificha. Kimeandikwa majina mawili, emtricitabine na tenofovir, vidonge 30, na tarehe ni ya mwanzo wa Ramadhani. Sasa Idi ya mfunguo tatu imeshapita, na ndani nimehesabu vidonge saba. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi kulikuwa na sindano mbili za hospitali, moja imefunguliwa, na kichupa kilichobanduliwa karatasi.

Nakumbuka mwanzo wa Ramadhani nilimsindikiza hospitali moja ya serikali. Aliniambia ana homa. Zamani walikuwa na kituo chao upande wa Bamburi, alikokuwa akienda na wenzake, lakini kilifungwa mwaka 2025 na hakuniambia kwa nini. Pale hospitali karani aliita jina la kitambulisho kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, na Rehema hakuinuka. Mara ya tatu akainuka, na dira lake na mtandio wake. Kina mama kwenye benchi wakaguna. Askari wa mlangoni akacheka waziwazi. Aliingia, akatoka na bahasha ya kaki, na njia nzima ndani ya matatu alitazama nje. Hajarudi hospitali tena.

Sasa ami yetu anakuja Ijumaa baada ya swala. Anasema Rehema apelekwe akapimwe, akikataa apelekwe kwa nguvu, na hata kwa polisi ikibidi, kisha aondoke nyumbani kabla hajatuambukiza. Mama ameshamtengea kikombe na sahani. Mwanangu hulala naye kitanda kimoja na hula naye sinia moja. Rehema mwenyewe hajasema neno. Mchana hujifungia chumbani, usiku hutoka vilevile.

Niambie, Shangazi. Mdogo wangu ni mgonjwa? Mwanangu yuko salama? Na Ijumaa nitasema nini mbele ya ami, mimi mwanamke niliyeachika ninayekaa kwa mama?

Dada mtu, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kikombe, kwa kuwa hilo halingoji Ijumaa. Mrudishie Rehema kikombe na sahani leo hii. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kikombe, sahani, sinia, choo, taulo, shuka, jasho, mate, wala kwa kumkumbatia mtoto na kulala naye. Huingia kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu (hasa ya sindano iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja), na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Mwanao hayumo katika njia hata moja kati ya hizo. Aendelee kulala na anti yake. La kuangalia kuhusu mtoto ni zile sindano begini, nami nitazifikia.

Sasa kopo. Kufagia zahanati hakumfanyi mtu mfamasia. Umenipa majina mawili ya dawa, nami nakwambia kwamba mtu aliyeambukizwa hatibiwi kwa hizo mbili peke yake. Matibabu hutaka dawa tatu, na Kenya siku hizi wengi humeza kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Emtricitabine na tenofovir zikiwa peke yake kwenye kopo la vidonge 30, kwa kawaida hiyo ni PrEP, dawa ya kinga, anayopewa mtu ambaye amepimwa akaonekana hana virusi. Kenya ilianza kuigawa kwenye vituo vya umma mwaka 2017. Ikimezwa kila siku hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa ngono kwa zaidi ya 90%.

Kwa maneno mengine, siku ile mliyokwenda pamoja hospitali hakuwa na homa. Alikwenda kujikinga. Tarehe ya kibandiko ni ya wakati uleule. Akapimwa, akaonekana hana virusi, akapewa dawa za mwezi mmoja arudi baada ya hapo. Mtoto mnayetaka kumfukuza kwa ugonjwa ndiye huenda peke yake hapo nyumbani aliyepima mwaka huu.

Kibandiko si kipimo, najua, na mwenye kuthibitisha ni yeye mwenyewe na daktari wake. Lakini tuseme jirani alipatia, na zilikuwa dawa za matibabu. Bado nisingekwambia jingine kuhusu kikombe. Mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Na ataishi umri wake kama wewe na mimi.

Kilichonishtua katika barua yako ni vile vidonge saba.

Hesabu mwenyewe. Kopo la mwezi mmoja, kutoka mwanzo wa Ramadhani mpaka baada ya Idi ya mfunguo tatu, ni zaidi ya miezi mitatu, na bado lina saba. Rehema hamezi kila siku. Nadhani anavibania: anameza siku anazotoka, siku nyingine anaacha, ili visiishe, kwa sababu vikiisha itambidi arudi kwenye lile benchi na yule karani na yule askari. Sisemi hayo kwa kubahatisha. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi hapa pwani, na nimeona watu wakigawa vidonge vyao nusunusu kwa kuogopa dirisha la kadi kuliko wanavyoogopa ugonjwa.

PrEP si panadoli, umeze kichwa kikiuma. Wako wanaume wanaoruhusiwa kumeza kwa kufuata tukio la ngono: viwili kabla, kimoja kesho yake, kimoja keshokutwa. Huenda Rehema amesikia hilo kwa wenzake, nalo kwao ni kweli. Kwake si kweli kama anatumia homoni za kike za estrojeni, na kichupa kilichobanduliwa karatasi kinanifanya niamini kuwa anatumia. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia homoni hizo ameze kila siku, ahesabu siku 7 ndipo ajione amekingika, na akitaka kuacha aendelee siku 7 baada ya mara ya mwisho. Akikaa wiki mbili hamezi halafu akameza kimoja jioni anapotoka, hana kinga ya maana usiku huo.

Tena asianze upya kwa hivyo saba bila kupimwa. Kama katika miezi hii aliambukizwa, zile dawa mbili hazitoshi kumtibu, na virusi hujifunza kuzizoea. Kwanza kipimo, kisha kopo jipya, kipimo tena baada ya mwezi, halafu kila miezi mitatu. Na kama katika saa 72 zilizopita kondomu ilipasuka, au hakuitumia, au alilazimishwa, basi asingoje Ijumaa wala Jumatatu. Aende leo hospitali aseme anataka PEP, dawa ya kinga ya baada ya tukio, humezwa siku 28. Baada ya saa 72 haitolewi. Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara ina kitengo cha waliodhulumiwa kijinsia, na hawatakiwi kumuuliza kwanza ripoti ya polisi ndipo wampe dawa.

Uliuliza kimyakimya kwa nini kituo chao kilifungwa, nami nakujibu. Vituo vingi vya namna ile vilikuwa vikiendeshwa kwa fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye milango ikafungwa. Mwezi uliofuata wakalegeza kidogo, lakini PrEP ya fedha hizo ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Huduma zikasukumwa kwenye hospitali za kawaida, foleni moja na kila mtu. Kwa karatasi ni jambo zuri. Kwa Rehema ilikuwa na maana kwamba nesi aliyemjua kwa jina lake aliondoka, akabaki na karani anayesoma kitambulisho kwa sauti ya mnadani.

Na walioathirika si wao tu. Dada wanaouza miili, vijana wa unga (wa kulevya, si wa ugali), wote walikuwa na milango yao. Wa unga angalau Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuuacha. UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi, ilitoa takwimu mwaka 2024: kati ya watu wazima wote duniani, wenye virusi ni 0.8%. Kati ya watu transi, yaani walio kama Rehema, ni 9.2%. Miili yao imeumbwa kama yetu. Tofauti ni kufukuzwa: nyumbani, shuleni, kazini, kisha hospitalini, mpaka inabaki kazi moja tu isiyomuuliza mtu kitambulisho.

Hapo ndipo nafika kwa ami yako.

Mimi si kadhi, na hukumu ya dini nawaachia wenye elimu yake. Nitasema la hospitali na la nyumba. Ami anataka Rehema aondoke ili familia isiambukizwe. Tumeshaona familia haiko hatarini. Sasa tumfuate Rehema akishatoka. Ijumaa usiku ana begi moja na pesa za tuktuk. Atalala wapi? Kwa rafiki siku mbili tatu, kisha rafiki naye ana mwenye nyumba. Atalala kwa mwanamume mwenye chumba. Mtu asiye na pa kulala hawezi kumwambia mwenye kitanda avae kondomu. Akisema, ataambiwa mlango ule pale. Akiwa na kwao, hata kwao kwenye kunung'unikiwa, anaweza kuinuka saa nane za usiku akaita bodaboda akarudi. Hiyo nafasi ya kuinuka na kurudi ndiyo inayomlinda, na ndiyo ami anayotaka kuiondoa. Na kopo la dawa litawekwa wapi kwa mtu anayehamahama? Litapotea wiki ya kwanza.

Zile kilo za unga na sukari anazoleta alfajiri, mama anazipokea bila kuuliza. Simlaumu, najua bei ya unga. Lakini mwambie, mkiwa wawili, kwamba anayekula jasho la mtoto huyu hana haki ya kumtengea kikombe. Useme kwa adabu yako, si kama nilivyoandika mimi.

Kuhusu kumpima kwa nguvu: hairuhusiwi. Kuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006. Inataka mtu mzima aridhie mwenyewe, na inakataza majibu yake kutolewa kwa wengine bila idhini yake. Kulazimishwa kupo kwa mshtakiwa wa kosa la ngono, na Rehema hajashtakiwa lolote. Kuhusu polisi, mwambie ami afikiri mara mbili. Kuwa mwanamke transi si kosa katika sheria za Kenya. Kilicho kosa ni tendo la ngono lenyewe, katika vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, na tendo halithibitishwi kwa kopo la dawa wala kwa mtandio. Na hapahapa Mombasa, Machi 2018, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kuwalazimisha watu vipimo vya sehemu ya nyuma ili kutafuta ushahidi wa ushoga si halali. Kesi ilianzia kwa vijana wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Mtu akishampeleka mtoto wa nduguye mikononi mwa askari, hachagui tena yatakayompata ndani ya seli.

Umeniuliza utasema nini, wewe mwanamke uliyeachika. Usiseme mbele ya baraza. Mpigie ami simu Alhamisi, au umfuate kwake na kitu cha mkono, umsalimu, umwambie: dawa zile tumeuliza, si za ugonjwa, ni za kuzuia ugonjwa, na jirani alikosea. Mpe nafasi ya kubadili neno lake akiwa peke yake, maana mwanamume aliyesema jambo mbele ya watu ni vigumu kulimeza mbele ya watu walewale. Mkitaka shahidi, nendeni naye hospitali akamwulize daktari kuhusu dawa hiyo kwa jumla, bila ya kumtaja Rehema. Na mama awe upande wako kabla ya hapo. Ami ana sauti, lakini nyumba ni ya mama.

Lakini kabla ya ami na kabla ya mama, nenda kwa Rehema. Wewe ndiwe uliyefungua begi, na kupekua begi la mtu mzima si kutafuta chaja, mwanangu, ukweli tuuseme. Mgongee mlango, mpelekee chai, mwombe radhi kwa hilo. Mwambie unajua kopo lile ni la nini. Usimuulize habari za Mtwapa. Akitaka atakwambia. Muulize mambo mawili tu: dawa zimebaki ngapi, na lini mara ya mwisho amepima. Kisha mwambie utakwenda naye.

Kuhusu sindano, mwambie haya, au mpe asome mwenyewe. Sindano mpya kila mara, yake peke yake, hata kama rafiki ni wa kufa na kuzikana. Kupokezana sindano ya homoni huweza kuambukiza virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kama vile kupokezana ya unga. Zilizotumika zitiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iwekwe juu mtoto asipofika, kisha ipelekwe zahanati. Kichupa kisicho na karatasi asijidunge, kwa sababu hajui kilichomo. Wengine humeza vidonge vya kupanga uzazi kwa wingi ili maumbile yabadilike haraka, na hivyo huweza kugandisha damu, hasa kwa mvuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla na pumzi ikakata, ni hospitali saa ileile. Daktari atamwambia vipimo na kiasi kinachofaa. Asiogope kumwambia ukweli.

Na asiache PrEP kwa kudhani inaua homoni. Nimelisikia sana hilo. Watafiti nchini Thailand waliwapima wanawake transi wanaotumia vyote viwili, wakakuta homoni hazikupungua. Kilichoshuka kidogo ni kiwango cha PrEP, ndiyo sababu nyingine ya kutoruka siku.

Kondomu bado anazihitaji, kwa kuwa PrEP haizuii kaswende wala kisonono. Atumie na vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba ya pwani inayo, pamoja na Vaseline, hudhoofisha mpira wa kondomu ukapasuka. Kondomu nyingi zimepasuka hapa Mombasa kwa sababu hiyo moja, na watu wakalaumu kampuni.

Kuna jambo jingine ambalo kwa nyumba kama yenu lina faida ya pekee. Siku hizi kuna PrEP ya sindano. Moja huitwa cabotegravir, hudungwa kila miezi miwili. Nyingine ni lenacapavir, hudungwa kila miezi 6, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025 baada ya majaribio yaliyowahusisha wanawake transi pia. Kenya ni miongoni mwa nchi za kwanza zilizopangiwa kuipata. Aulize kama imefika anakokwenda. Sindano ya namna hiyo hudungwa hospitali na kubaki hospitali. Hakuna kopo la jirani kuja kutazama.

Siku ya kwenda, msiende ile hospitali ya kwanza kama moyo wake umekataa. PrEP hutolewa bure katika vituo vingi vya serikali, ingawa mnaweza kudaiwa ya kadi. Nendeni asubuhi ya katikati ya wiki, si Jumatatu. Wewe tangulia dirishani na kitambulisho chake. Mwambie karani kwa sauti ya chini: huyu anaitwa Rehema, jina la kwenye kitambulisho lisomwe kwa macho, ukiita, ita kwa namba au kwa jina la baba. Makarani wengi ukiwaambia mapema hukubali, kwa kuwa wengi wao hawana ubaya, ni mazoea tu. Mkiingia ndani muulizeni nesi kama kuna mshauri rika, yaani mwenzao aliyefunzwa kazi hiyo. Baadhi walibaki hata baada ya vituo kufungwa. Apimwe virusi, homa ya ini aina ya B na figo. Kama ana homa ya ini B asiache dawa hiyo ghafla bila ya daktari kujua, maana ini linaweza kuchafuka. Wiki za kwanza huenda akasikia kichefuchefu kidogo au kichwa. Hupita.

Mkidharauliwa tena, msiondoke kimya kama mara ile. Omba kumwona msimamizi wa hospitali, papo hapo. Andika tarehe, saa, dirisha gani na maneno yaliyosemwa. Akikosekana, piga 1190, namba ya ushauri wa Ukimwi, haina malipo, ueleze kwamba mmenyimwa huduma na muulize kituo kingine cha karibu. Kisha niandikie, unitajie hospitali. Gazetini sitaitia, lakini afisi ya afya ya kaunti naijua njia yake.